Mbwa Niliyempa Baba Mkwe

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijapata nafasi ya kujitetea, maana kujitetea nakujua. Nimejitetea sana kichwani mwangu nikiwa nafua, nikiwa napika, nikiwa kanisani nimeinamisha kichwa watu wakidhani nasali.

Jina langu sitalitaja gazetini. Majina ya watu wengine nimeyabadilisha, isipokuwa la mbwa. Mbwa hana ndugu wa kuaibika.

Mimi ni binti wa Karatu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha kulea mbwa waliotupwa, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Daa. Kituo ni cha mama mmoja, daktari wa mifugo aliyestaafu. Sote tunamwita Dokta. Mbwa wanaletwa pale, wengine wamegongwa na magari ya watalii, wengine wamefungwa kamba shingoni mpaka imezama kwenye nyama. Tunawatibu, tunawachanja, halafu tunawatafutia nyumba.

Kuwatafutia nyumba ndiyo ilikuwa kazi yangu. Na nilikuwa naiweza! Mtu akija, namwangalia tu anavyosimama getini, najua huyu anataka mbwa wa kumfunga mnyororo mchana kutwa, huyu anataka mwenzake wa kukaa naye, huyu ni wa kumrudisha alikotoka kwa maneno mazuri. Nyumba mbaya nilikuwa naijua kwa harufu. Sikuwahi kufikiria kwamba ipo siku nyumba itakuwa nzuri kabisa, halafu hatari iwe ndiyo ninayoipeleka mimi.

Mbwa mwenyewe anaitwa Soksi. Aliletwa na kibarua mmoja wa mashamba ya kahawa kule Oldeani, baba mmoja wa Singida. Alikuja naye kwenye bodaboda, kamtia ndani ya kiroba, kichwa tu ndicho kimetoka. Mbwa wa rangi ya udongo, miguu yote myeupe kana kwamba kavalishwa.

"Huyu kapigana na bweha," yule baba alisema. "Tena mchana kweupe! Sisi tunapogoa kahawa, bweha kaja katikati yetu anayumba kama mlevi, wala hana hofu nasi. Huyu mbwa ndiye kamkabili. Bila yeye angetung'ata sisi."

Dokta alimshika Soksi kichwa, akafunua manyoya nyuma ya sikio. Jeraha dogo, lakini la kuingia ndani. Akamchoma chanjo pale pale, akanawa mikono mpaka viwiko, ndipo akanigeukia.

"Huyu anakaa peke yake, banda la nyuma. Hatoki hapa mpaka mimi niseme."

"Si umeshamchanja, Dokta?"

"Nimemchanja baada ya kung'atwa. Kama kichaa cha mbwa kimeshaingia mwilini, hii sindano inaweza isikizuie. Na kinaweza kukaa humo kimya, miezi, mbwa anacheza na anakula kama kawaida. Nataka miezi ipite nimwone mzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nilimwelewa, jamani! Ningekuwa sijamwelewa, leo ningekuwa na pa kujificha.

Siku si nyingi baadaye Dokta alisafiri kwenda Mbulu kumuuguza dada yake. Akaniachia kituo.

Sasa niwaambie habari ya Emanuel. Alikuwa mchumba wangu. Ni dereva wa watalii, mtu mpole, mcheshi, asiye na makuu. Posa ilikuwa imeshaletwa kwetu na ndoa ilikuwa tufunge baada ya mavuno. Shida yangu ilikuwa moja tu, baba yake.

Mzee alikuwa mjane. Naye alikuwa amewaendesha watalii Ngorongoro karibu maisha yake yote, barabara ya kushuka kreta aliijua kama ua wa nyumba yake. Alipostaafu akarudi shambani kwake, juu kule msitu unapoanzia, ambako nyati na tembo wanashuka kwenye mahindi ya watu. Siku nilipopelekwa kutambulishwa, alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema mbele ya ndugu wote, "Mimi sina neno na binti. Ila ananuka mbwa."

Watu walicheka. Emanuel alicheka. Na mimi nikacheka, lakini neno lile lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Kwa hiyo Emanuel aliponipigia kuniambia, "Baba anataka mbwa wa kumlinda, na anataka achague kwako," nilirukaruka pale kituoni peke yangu kama mtoto! Nilimwandaa jike mmoja mtulivu, Jeni, nikamwosha, nikamchana. Nyumba ya Mzee nilishaipima kichwani. Ina nafasi, ina mtu anayeshinda nyumbani, ina maziwa. Jeni angefaa pale kuliko mbwa yeyote tuliyekuwa naye.

Walipofika, Mzee alimpita Jeni kana kwamba hakumwona. Akazunguka nyuma.

Nilimkimbilia. Nilimkuta amesimama mbele ya banda la Soksi. Na Soksi, yule mbwa aliyekuwa hambwekei mtu wala hamfuati mtu, amesimama wima, miguu ya mbele juu ya waya, anamtazama Mzee usoni.

"Huyu," Mzee akasema.

"Huyo bado, baba."

"Bado nini?"

Emanuel alikuwa amefika nyuma yangu. Mzee aliingiza vidole kwenye waya, Soksi akavilamba. "Na hili kovu nyuma ya sikio? Nini kilimpata?"

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa habari hii. Ningesema bweha. Mzee alizaliwa pembezoni mwa msitu, asingehitaji kuelezwa zaidi. Angerudisha mkono wake, angemchukua Jeni, na leo angekuwa barazani kwake anapiga soga.

"Senyenge, baba," nikasema. "Alinasa kwenye senyenge."

"Amechanjwa?"

"Amechanjwa."

Hilo la pili lilikuwa kweli. Ndilo lililonifanya nione kama sijadanganya sana.

Akamfungua mwenyewe, akamtia kamba. Wakati anapanda gari alinigeukia, akasema, "Ahsante, mwanangu." Mwanangu! Nilimpa Soksi kwa ajili ya neno hilo. Sina sababu nyingine ya kuwaeleza, ningekuwa nayo ningeitoa.

Dokta aliporudi, kitu cha kwanza alienda banda la nyuma. Nikasikia ananiita, sauti si ya kawaida yake.

"Yuko wapi?"

"Alichimba chini ya waya, Dokta. Ametoroka."

Mama wa watu aliniamini! Alishinda kutwa anazunguka na gari kwenye maboma na mashamba, anauliza mbwa wa rangi ya udongo mwenye miguu myeupe, anawasihi watu wasimguse wakimwona. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele pembeni yake, nami nachungulia dirishani, namtafuta mbwa ambaye najua amelala kwenye baraza ya nani.

Kwa Mzee mambo yalikuwa mazuri, na hiyo ndiyo iliyonitia ganzi. Soksi alikuwa anatembea naye shambani unyayo kwa unyayo. Alifukuza nguruwe pori. Paulina, mke wa kaka yake Emanuel, alikuwa anaishi boma hilo hilo na binti yake mdogo, Glori. Mtoto alikuwa analala ubavuni mwa yule mbwa mchana kama kwenye mto. Kila nilipokwenda nilipewa chai ya maziwa na Mzee mwenyewe ndiye aliyeimimina. "Binti huyu anajua kuchagua," aliwaambia wageni. Na mimi namtazama Soksi. Namtazama anavyomeza, anavyotembea. Nikitoka pale najiambia, mbona mzima?

Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele siku Mzee aliponipigia simu. Nilikuwa dukani Karatu na shangazi yangu, tunachagua vitenge vya sherehe. Akaanza na salamu ya kilugha chetu, kama kawaida yake.

"Saita, mwanangu. Huyu mbwa wako ana kitu. Tangu jana hali. Maji anayasogelea tu, hayamezi. Mate yanamtoka na sauti imekauka. Nadhani ana mfupa umemkwama."

Shangazi alikuwa ameninyooshea kitenge cha bluu, anauliza kama kinafaa.

"Nataka nimwingizie mkono nimtoe," Mzee akasema. "Au wewe unasemaje?"

Aliniuliza! Aliniuliza mimi, mtu wa mbwa!

Ndugu zangu, kulikuwa na neno moja tu la kusema. Usimguse. Lakini nikisema usimguse, ataniuliza kwa nini. Na nikieleza kwa nini, habari ya senyenge inafunguka, na Dokta aliyezunguka juani kutwa, na posa, na vitenge vile vilivyotandazwa mbele yangu.

"Mtazame tu, baba," nikasema. "Mara nyingi ni mfupa."

Nikakata simu. Nikamwambia shangazi cha bluu kinafaa.

Kesho yake asubuhi nilipanda kule. Njia nzima najiambia nitakuta ni mfupa kweli. Nilimkuta Soksi kwenye kibanda cha kuni. Hakuja kunipokea. Alikuwa amesimama kwenye kona, taya limeshuka, anaudaka upepo kwa meno kama kuna nzi, na hakukuwa na nzi. Nilipomwita aligeuza kichwa, akanitazama kama mtu asiyenifahamu.

Paulina alikuwa na tambara anafuta mate kwenye sakafu ya baraza.

"Mfupa sikuuona," Mzee akasema. "Nimeingiza mkono mpaka huku, hamna kitu. Kaniparuza kidogo tu na jino, maskini, hakukusudia."

Akanionyesha kidole gumba. Mstari mwembamba, hata damu imeshakauka.

"Nawa na sabuni, baba," nikasema.

Hiyo ndiyo dawa niliyompa baba mkwe wangu! Sabuni! Na mimi najua, na mimi nimemsikia Dokta akiwaambia watu tena na tena kwamba mkwaruzo unatosha, mate yanatosha, hospitali siku hiyo hiyo. Nilimfungia Soksi kwenye kibanda nikasema nitatuma mtu amchukue. Kabla sijashuka nusu ya njia Emanuel akanipigia. Mbwa ameng'oa ubao. Ameingia msituni.

Hakuonekana tena.

Mnaweza kuniuliza nilikuwa nawaza nini siku zilizofuata. Nilikuwa nahesabu kila asubuhi kama ushindi. Mzee yuko salama, anapalilia. Mzee yuko salama, ameenda mnadani. Kidole kimepona. Nilianza hata kumkasirikia Dokta kwa kututisha watu. Mvua zikaisha, maharage yakakomaa, tarehe ya ndoa ikatangazwa kanisani.

Tulikuwa tunavuna maharage shambani kwa Mzee, mimi nimeenda kusaidia kama mkwe mwema. Nikamwona anajikuna mkono.

"Unawasha," akasema. "Tangu juzi. Kama siafu wanatembea ndani, kuanzia kidole mpaka begani."

Paulina akasema ni majani ya maharage. Mimi nikainama, nikaendelea kung'oa. Sikuinua kichwa mpaka mchirizi wa jasho ukaniingia machoni.

Siku ya pili yake Emanuel alinipigia. Baba yake hajalala. Anaogopa upepo, mlango ukifunguliwa anapiga kelele. Na asubuhi Paulina alimpelekea chai ileile ya maziwa, akaisogeza mdomoni, koo likakaza, akakitupa kikombe ukutani. Mtu aliyependa chai kuliko chakula!

Nikawakuta hospitali. Daktari alikuwa amewasimamisha koridoni.

"Aliwahi kung'atwa na mbwa? Au mnyama yeyote?"

"Hapana," Emanuel akasema. "Hata siku moja."

"Alikuwa na mbwa nyumbani?"

"Alikuwepo, lakini alichanjwa. Huyu mchumba wangu ndiye aliyemtoa, anafanya kazi na mbwa, mwulize."

Wote wakanigeukia. Paulina alikuwa amempakata Glori. Mtoto alikuwa amevaa gauni fupi, na kwenye goti lake nikaona kovu bichi, bado la pinki, la kuanguka.

"Glori aliumia lini goti?" nikauliza.

Paulina akanishangaa. "Muda umepita. Kipindi kile Soksi anaumwa. Alikuwa anamlamba, nikamwambia mwache akulambe, ulimi wa mbwa ni dawa. Kwa nini?"

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nikasema yote. Bweha. Senyenge. Simu ile ya dukani. Kidole. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika, na daktari hakungoja nimalize. Alimshika Paulina mkono yeye na mtoto, akawaondoa kwenda kuchomwa sindano.

Nikabaki na Emanuel. Nilitegemea atanipiga. Ningeshukuru. Alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza polepole, kama anavyowauliza watalii kama wamechoka.

"Mnaofanya kazi kule kituoni, huwa mnachanjwa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa umechanjwa."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema. Akasimama, akaingia alikokuwa baba yake. Hatujazungumza tena mpaka leo.

Dawa ya Mzee haikuwepo. Daktari alisema ukishaanza kuogopa maji, kinachobaki ni kukupunguzia maumivu tu. Waliniruhusu kumwona mara moja, kupitia kioo. Kulikuwa na vipindi akili inamrudia, na katika kipindi kimoja aliniona. Alisema kitu. Paulina aliyekuwa ndani ndiye aliyenieleza baadaye kwamba alisema, "Mwambieni binti asilie. Mbwa atarudi."

Alifariki akiamini kwamba nalilia mbwa.

Kwenye mazishi nilisimama barabarani. Hakuna aliyenifukuza, lakini hakuna aliyeniambia nisogee. Posa ilirudishwa kimya kimya. Shangazi aliviweka vile vitenge ndani ya kabati na hajavitaja. Kituoni niliondoka mwenyewe. Dokta hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu, akiwa anaosha vyombo vya mbwa, hakunitazama: "Ungeniambia siku niliyorudi. Tungeingia kwenye gari, tungekuwa tumeshamrudisha kabla chai haijapoa."

Glori na mama yake walimaliza sindano zao. Wazima mpaka leo. Watu wananiambia nijifariji na hilo, kwamba nilisema na mtoto akapona. Najaribu. Lakini nilisema kwa sababu niliulizwa mbele za watu. Nisingeulizwa je?

Na Soksi sijui alipoishia. Nasikia mfugaji mmoja huko juu, upande wa Ngorongoro, aliona mbwa mwenye miguu myeupe akipita katikati ya mbuzi asubuhi, mdomo wazi, bila kubweka. Dokta amepanda huko mara kwa mara na sindano zake, boma kwa boma, anachanja mbwa wao, anauliza mbuzi wangapi wamekufa na vipi. Kila nikisikia amerudi, naogopa kumuuliza.

Kwa hiyo nawasihi. Ukipewa mbwa, hata na mtu unayemwamini, hata na mkwe wako, uliza alikotoka na kila kovu lina habari gani. Ukiambiwa amechanjwa, uliza alichanjwa kabla au baada. Mbwa akibadilika sauti, akashindwa kumeza, mate yakamtoka, usimwingize mkono mdomoni kutafuta mfupa! Mfungie, kaa mbali, ita mtaalamu. Na ukikwaruzwa, au akakulamba penye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda mrefu, kisha hospitali siku hiyo hiyo, umalize sindano zote, ujisikie mzima usijisikie.

Na wewe unayetoa mbwa, au unayetoa chochote, ukiwa umeficha jambo ili upendwe. Usisubiri daktari akuulize koridoni. Weka gazeti chini. Mpigie mtu huyo sasa hivi, wakati bado anaweza kukujibu akiwa anakunywa chai yake.